Mzee wa Bustanini Mwenye Kiuno cha Mita Nne

"Nasikia binti yako ana mzee wake kule bustanini. Nasikia anamkumbatia mchana kweupe."

Maneno hayo niliyapokea Jumatatu asubuhi nikiwa na pini tatu mdomoni. Moja nusura niimeze.

Aliyeyaleta ni jirani yangu wa mlango wa pili. Mtaa mzima tunamwita Mama Nasikia, kwa sababu tangu ahamie hapa hajawahi kusema "nimeona". Alisema hayo, akaenda zake kuanika nguo, kama mtu aliyepita kuuliza saa tu. Mimi nikabaki na cherehani, pini na uvumi. Nikashona nao, nikalala nao, nikaamka nao.

Kwa mliokosa safu yangu ya wiki iliyopita: nilieleza jinsi kijana mmoja mstaarabu alivyokuja nyumbani kujitambulisha kwa ajili ya mwanangu, nami nikamdhania ni fundi bomba tuliyemwita. Nikampeleka moja kwa moja jikoni, chini ya sinki. Akaitengeneza. Akanawa mikono, akaaga, hakurudi tena. Sinki mpaka leo haivuji, na mwanangu mpaka leo akiosha vyombo hanisemeshi.

Sasa mnaelewa kwa nini huo uvumi ulinikaa. Nilijua kama kuna mzee, basi aliyemsukuma mwanangu kwa huyo mzee ni mimi.

Mwanangu ana miaka ishirini na saba, ni mwalimu wa darasa la pili. Zamani saa kumi na moja alikuwa ameshafika nyumbani. Siku hizi anaingia saa kumi na mbili na nusu, gauni lina vumbi la kahawia kifuani, mikono ina mikwaruzo kuanzia kiganja mpaka kiwiko.

Mimi ni fundi cherehani. Mtu anaweza kunidanganya, nguo haiwezi.

"Umepita wapi, mwanangu?"

"Bustanini, mama."

"Na hilo vumbi?"

"La mzee," akasema, akacheka, akaingia chumbani.

La mzee! Na kucheka juu!

Bustani yenyewe ninaiona kutoka barazani kwangu, ng'ambo ya barabara. Ni ya zamani kuliko nyumba zote za mtaa huu. Kwenye jiwe la langoni pamechongwa mwaka ambao hata mama yangu alikuwa hajazaliwa. Ina jukwaa la duara ambapo bendi zilikuwa zikipiga Jumapili, ina mabenchi ya mawe, ina miti mikubwa, na ina bomba moja linalodondosha maji tangu nikiwa msichana. Kila picha ya harusi ya mtaa huu imepigwa pale.

Nikamwambia mume wangu. Yeye ni fundi saa, anafanyia kazi kwenye meza ya pale sebuleni, na ukimwambia jambo zito hunyanyua jicho moja tu, kwa sababu la pili lina lenzi.

"Baba watoto, mwanao ana mzee."

"Mzee gani?"

"Wa bustanini."

"Eh. Na bustanini pana kosa gani? Kwani wewe nilikupata wapi?"

"Shusha sauti!"

Hapa ndugu wasomaji inabidi niungame, maana niliapa humu gazetini sitaficha kitu. Watoto wangu wote walikuwa wanajua kwamba mimi na baba yao tulikutanishwa na shangazi yangu, sebuleni kwake, wakubwa wakiwepo. Hilo ni uongo. Tulikutana benchi la tatu kutoka kwenye jukwaa. Nilikuwa nimeambiwa nipite pale moja kwa moja nisikae. Nikakaa. Nikakaa Jumapili kumi na moja.

Ndiyo maana nilikuwa naogopa. Yanayofanyika bustanini nayajua.

Siku ya Jumatano futi yangu ya kupimia ikapotea. Mteja amesimama mbele yangu amenyoosha mikono kama msalaba, nami natafuta futi mpaka kwenye sufuria. Alhamisi asubuhi nikaikuta imerudi mahali pake, ina vumbi lile lile la kahawia.

Alhamisi hiyo hiyo mwanangu akaniachia gauni lake nimzibie mshono wa kwapa. Mfukoni mlikuwa na karatasi. Sikuitafuta. Ilitoka yenyewe nilipoingiza mkono kuitafuta.

Imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni:

"Mzee wa langoni. Kiuno: 412. Umri: zaidi ya 100. Ana tundu ubavuni, anahitaji daktari haraka. Asiguswe."

Nikakaa chini. Nikampelekea mume wangu.

"Mia nne na kumi na mbili ni nini?" akauliza.

"Sentimita. Amepima upande wa sentimita."

Akahesabu kichwani. "Mita nne na kitu. Mke wangu, huyo si mtu. Ni tangi la maji."

"Amesahau nukta! Ni arobaini na moja nukta mbili. Inchi."

"Umesema sentimita."

"Nimesema inchi! Miaka thelathini napima viuno, wewe unapima nini? Inchi arobaini na moja ni mwanaume mnene wa kawaida, amekula, ametulia. Nimeshawashonea wengi."

"Na umri zaidi ya mia?"

"Anatania. Watu wakipendana hutaniana."

"Na tundu ubavuni?"

Nikaona tu mwanangu ameolewa Jumamosi, na Jumapili anasukuma kiti cha magurudumu. Mzee mnene, mgonjwa, ana tundu, na hataki kuguswa!

Mume wangu akarudisha lenzi jichoni. "Muulize."

Maneno mawili ya maana kuliko yote katika kisa hiki aliyasema yeye, "muulize" na jingine nitakalolifikia. Sikumsikiliza. Baada ya yale ya fundi bomba ningeanzia wapi kumuuliza?

Nikaamua kuzima moto kimyakimya. Kama lango la bustani litafungwa saa kumi jioni, mwanangu akitoka shule atakuta kufuli, na mzee atatafuta pengine pa kukumbatiwa. Hakuna ugomvi, hakuna machozi. Nilijiona nina akili za mkurugenzi.

Ijumaa nikaenda duka la kuchapa barua, lile la kona. Mchapaji ni mama mmoja mkavu, anachapa huku anatafuna.

"Andika tunaomba bustani ifungwe," nikamwambia.

"Ifungwe?"

"Ifungwe."

"Kabisa?"

"Kabisa! Na kufuli."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nazungumzia lango. Lifungwe vizuri, lisiachwe wazi kidogo kama wanavyofanya sasa. Lakini lango wala saa kumi havikutoka mdomoni mwangu. Mama wa watu akachapa alichosikia.

"Sababu?"

"Weka mienendo isiyofaa. Mabinti na wazee."

"Soma kabla ya kutia sahihi," akasema.

Kusoma najua, darasa la saba nilimaliza vizuri. Ila miwani niliiacha juu ya cherehani, na mbele ya mchapaji mwenye dharau huwezi kusema huoni. Nikainamia karatasi, nikatikisa kichwa kama jaji, nikatia sahihi.

Sahihi yangu inabidi niwaeleze, maana ndiyo iliyoniponza. Niliibuni nikiwa na miaka kumi na tatu, nikijifunza kushona. Ni herufi ya kwanza ya jina langu, halafu mkia unaopanda na kushuka kama mshono wa zigizaga, mwisho fundo. Hakuna mwingine mwenye sahihi kama hiyo duniani. Nilikuwa najivunia.

Mama Nasikia akaichukua barua akazunguka nayo. Alirudi Jumapili na sahihi arobaini za akina mama. Baadaye niligundua kila mmoja alimwambia chake. Mmoja aliambiwa bustanini kuna nyoka. Mwingine aliambiwa ni barua ya kuomba maji. Yangu ilikuwa juu kabisa, ya kwanza. Jumatatu nikaipeleka ofisi ya jiji mwenyewe, nimevaa viatu vya kutokea.

Wiki tatu zikapita. Lango halikufungwa saa kumi wala saa kumi na mbili. Mwanangu akazidi kuchelewa, sasa na karatasi nyingi mkobani. Futi ikapotea tena.

Nikasema leo naenda.

Nilivaa kofia ya mteja aliyekuwa hajaichukua, nikabeba mwavuli ingawa hapakuwa na mvua, nikaingia kwa lango la nyuma. Nikanyemelea benchi kwa benchi. Na kweli, karibu na lango la mbele nikamwona mwanangu, amenipa mgongo, mikono ameinyoosha, shavu ameliegemeza, amekumbatia kwa nguvu zake zote.

"Leo umenenepa, mzee wangu," nikamsikia.

Damu ikanipanda. Nikatokeza na mwavuli juu.

"Mwachie! Nimesema mwachie mwanangu!"

Mwanangu akageuka. Mkononi ana futi yangu. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mkuyu wa langoni, ule ule ambao nimepita chini yake maisha yangu yote, mnene kama chumba.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Nani, mama?"

"Mzee!"

"Si huyu hapa," akasema, akaupigapiga mti kama mtu anayemtambulisha mchumba. "Mita nne na sentimita kumi na tatu. Wiki tatu zilizopita nilikosea moja, futi ilijikunja. Shika hapo nikuonyeshe, mama. Peke yangu mikono haifiki, ndiyo maana nachubuka."

Nikashika. Ningefanya nini? Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya ufundi nikapima kiuno cha mti. Akanionyesha tundu la ubavuni, la kuoza, ambalo mtaalamu wa miti anaweza kulitibu. Akanionyesha wazee wengine, wa jukwaani na wa bombani. Wote ameshawapima na kuwaandika kwenye daftari.

Nilitaka kucheka, nikacheka. Nilicheka mpaka kofia ya mteja ikaanguka. Mwanangu naye akacheka, bila kujua anacheka nini. Mara ya mwisho kucheka pamoja ilikuwa kabla ya sinki.

"Basi umekuja kutia sahihi," akasema akipangusa macho. "Nilikuwa naogopa kukuomba."

"Sahihi ya nini?"

Akatoa karatasi mkobani. "Hujasikia? Jiji wanataka kuifunga bustani, mama. Kabisa. Wanakata miti yote, wanaanza na huyu, wanaweka maegesho ya magari. Kuna barua imepelekwa jiji na akina mama wa mtaa huu huu. Mimi nilianza kuwapima ili watibiwe, ila sasa tukithibitisha umri wao kwa vipimo hivi huenda wakaachwa."

Kicheko kikaniishia tumboni.

"Barua inasemaje?"

"Sijaiona bado. Nasikia inasema kuna mienendo isiyofaa." Akatazama kule kwenye mabenchi. "Sijui aliyeiandika ana roho ya namna gani. Labda hajawahi kukaa hapa hata siku moja."

Benchi la tatu lilikuwa linaniangalia.

Pale pale ndipo ningesema. Mdomo nilifungua kabisa. Lakini mtoto alikuwa ametoka kucheka nami vizuri baada ya miezi minne, na kalamu alikuwa ameshaniwekea mkononi. Nikaona nikitia sahihi na hapa, moja itaifuta nyingine, kama hesabu ya kutoa.

Nikatia. Namba mia mbili na kumi na mbili. Mkia, zigizaga, fundo.

"Asante, mama," akasema, akanibusu shavuni. Lile busu sikulala nalo vizuri.

Jumamosi saa tatu asubuhi ukaitishwa mkutano pale pale bustanini, mbele ya jukwaa. Watu walikuwa karibu mia mbili. Mwanangu amekaa juu kwenye meza, ndiye katibu. Pembeni yake anashikilia bango kijana mmoja niliyemfahamu kwa mabega, maana niliyaona yakitokeza chini ya sinki yangu. Akanisalimu kwa heshima. "Shikamoo mama. Haivuji?" Nikatamani ardhi inimeze.

Mume wangu alikaa upande wangu wa kulia, Mama Nasikia wa kushoto.

"Nasikia aliyeandika ile barua yupo hapa hapa," akaninong'oneza.

"Jirani, si wewe uliyezunguka nayo?"

"Mimi nilisikia ni ya maji," akasema, na macho yake makavu.

Afisa wa jiji akasimama. Mtu wa makaratasi, si mbaya, ila ni wa makaratasi. "Mimi sina ugomvi na miti," akasema. "Mimi nafuata faili. Kwenye faili kuna maombi ya wakazi wenyewe. Katibu, yasome watu wasikie."

Akampa mwanangu barua yangu.

Mwanangu akasoma kwa sauti yake ya darasani. "Sisi akina mama wa mtaa huu tunaomba bustani ifungwe kabisa, na kufuli, kwa sababu ya mienendo isiyofaa ya mabinti na wazee."

Watu wakacheka. "Wazee gani?" mmoja akapaza sauti. "Hapa wazee ni miti tu!"

"Endelea na sahihi," afisa akasema.

"Sahihi ya kwanza..."

Akailaza barua mezani. Akavuta ile karatasi yao ya kuokoa bustani, akafunua kurasa taratibu mpaka ya mwisho, akaiweka kando ya barua. Kidole kimoja huku, kidole kimoja kule. Mkia, zigizaga, fundo. Mkia, zigizaga, fundo.

Hakunitafuta katika watu. Alijua nilipokaa.

"Kuna tatizo, katibu?" afisa akauliza.

"Mtu mmoja ametia sahihi pande zote mbili," akasema polepole.

Watu wakaguna. Afisa akakuna kidevu. "Basi mtusikilize. Kwa utaratibu wetu, wa kwanza kutia sahihi ndiye mwenye barua. Akiiondoa yeye, barua imekufa, mimi narudi na faili langu tupu. Lakini haiondolewi kwa kunyamaza. Asimame hapa, aseme kwa nini aliiandika, na katibu aandike neno kwa neno. La sivyo Jumatatu mashine zinaingia, na huyo wa langoni ndiye wa kwanza."

Hapo ndipo mume wangu aliposema lile neno la pili. Alilisema bila kunitazama, kama anayezungumza na saa.

"Simama."

Nikasimama. Nikiwa nimesimama ndipo nikaona kitu nilichopaswa kusema kina ukubwa gani. Niseme mbele ya mtaa mzima kwamba nilimdhania mwanangu, mwalimu wa watoto wao, ana mzee wa siri bustanini. Wakiniuliza kwa nini nilidhani hivyo, niseme kwamba bustani hiyo naijua, kwamba ile sebule ya shangazi ni uongo, kwamba lipo benchi la tatu. Mume wangu pembeni ni shahidi. Fundi bomba naye anasikiliza.

Na nikinyamaza, Jumatatu.

Mwanangu akafungua ukurasa mpya wa daftari. Akaandika tarehe. Kisha akaninyanyulia macho, na nawaapia sikuweza kuyasoma, mimi niliyemzaa.

"Endelea, mama," akasema. "Naandika."

Msinicheke bado. Kwa wenye mabinti, haya ndiyo ya kuepuka. Niliyapanga kichwani pale pale nikiwa nimesimama, kabla ya kufungua mdomo na kusema yote:

Usipokee uvumi ukiwa na pini mdomoni.

Usichukue neno la mtu anayesema "nasikia" mara mbili kabla hajakaa.

Usiingize mkono mfukoni mwa mwanao. Ukishaingiza, muulize siku hiyo hiyo.

Usiongeze nukta kwenye hesabu ya mtu mwingine.

Usiseme "kabisa" mbele ya mchapaji.

Usitie sahihi bila miwani. Usitie sahihi mbili.

Usimpeleke mgeni jikoni kabla ya kumuuliza jina.

Usimfiche mwanao benchi ulilopatikania. Siku ukilazimika kumwambia, watakuwepo watu mia mbili, na kalamu atakuwa ameishika yeye.